Pamba Yetu, Umeme Wetu, Kiwanda Kwa Wengine

Wiki mbili zilizopita nilituma picha ya stoo moja ya zamani ya huku Mbeere kwenye kundi letu la WhatsApp, lile la tuliosoma pamoja sekondari. Kuta za mawe, paa la mabati yaliyoshika kutu mpaka yakawa rangi ya udongo. Nikauliza: mnadhani hii ilikuwa nini? Mmoja akasema kanisa. Mwingine shule ya mkoloni. Jamaa mmoja wa Embu mjini akasema ni jela, tena akasema kwa uhakika kama mtu aliyewahi kulala ndani. Hakuna hata mmoja aliyesema pamba.

Jioni nikamwonyesha cucu wangu picha ileile. Akaisogeza simu mbali na macho, akakunja uso, halafu akanirudishia.

"Hapo ndipo pesa yangu ilibaki," akasema.

Basi hii stori nitaiandika ndefu. Kama una haraka, rudi jioni ukiwa na chai.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Huku kwetu mtu akisema "kiwanda cha pamba" anaweza kuwa anamaanisha vitu vitatu tofauti. Kuna jineri, mahali pa kutenganisha pamba na mbegu zake. Kuna kiwanda cha kusokota uzi. Halafu kuna kiwanda cha kufuma kitambaa, na mara nyingi hicho na cha uzi hukaa chini ya paa moja. Kabla ya yote hayo kuna stoo ya kununulia, kama hii yangu, ambapo mkulima anapima, anaandikiwa risiti na kurudi nyumbani. Stoo ni mdomo, jineri ni tumbo. Kuhusu nguo, tutaona zilienda kushonwa wapi.

Kwa nini jineri ilijengwa karibu na shamba na kiwanda cha nguo kikajengwa mbali? Hesabu yake ni rahisi. Ukichuma kilo 100 za pamba, nyuzi zenyewe ni karibu kilo 33 au 35. Zinazobaki karibu zote ni mbegu. Robota moja la pamba Kenya ni kilo 185, kwa hivyo ili ulipate lazima wakulima walete karibu kilo 550 kutoka shambani. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayelipia lori libebe mbegu mpaka Thika. Ndiyo maana jineri huwa ndani ndani huko mashambani, kwenye joto, kama ile ya Mwea, ya Meru, ya Kitui na ya Makueni. Pamba yenyewe inataka joto na inataka kiangazi wakati wa kuchuma, kwa sababu mvua ikiipata imepasuka inachafuka na bei inaanguka. Sehemu za juu, Runyenjes, Manyatta, Nkubu, walipata kahawa na chai. Sehemu za chini, Siakago, Ishiara, Marimanti, tukapata pamba. Mkoloni alipoanza kuwaruhusu Waafrika wa Meru na Embu kupanda kahawa miaka ya 1930 (sehemu nyingine za nchi walikatazwa, hiyo ilikuwa ya wazungu), tofauti ya mlimani na bondeni ikawa tofauti ya mfuko pia. Mpaka leo ukiangalia nani ana nyumba ya mawe na nani ana ya udongo, unaweza kuchora ramani ya kahawa bila kuona mti mmoja wa kahawa.

Sasa turudi kwa jengo. Nilienda na simu yangu na tochi, nikakaa humo karibu siku nzima. Mzee anayelinda alinifungulia, akaniambia nisiguse magunia ya ndengu ya watu. Nami nikaanza kuangalia jinsi lilivyojengwa.

Sakafu imeinuliwa mpaka kiunoni mwangu. Nilidhani ni mapambo. Kumbe ni urefu wa sehemu ya nyuma ya lori, ili gunia lisukumwe moja kwa moja badala ya kuinuliwa begani. Pia inazuia mchwa na maji. Madirisha yako juu sana, madogo, yamezibwa na waya. Hewa inaingia lakini mkono hauingii. Kwenye kilele cha paa kuna mwanya mrefu uliofunikwa na kipande kingine cha bati, kama kofia, joto litoke. Ukisimama katikati saa saba mchana, jua la Mbeere likiwa limeshika kazi yake, ndani kuna ubaridi fulani. Wale waliojenga hawakuwa wajinga.

Halafu kuna vyumba viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Juu ya mlango wa kikubwa kuna herufi A iliyopakwa rangi nyeupe, ya kidogo ni B. Ndugu zetu wa Uganda na Tanzania wanasema safi na fifi, nadhani ni maneno matamu kuliko herufi zetu. Safi ni ile nyeupe isiyo na majani wala wadudu. Fifi ni ile iliyoguswa na mvua au funza, na bei yake ni ya kuhuzunisha. Mkulima alitakiwa kuchambua mwenyewe nyumbani, usiku, watoto wakisaidia. Cucu anasema mama yangu alijifunza kuhesabu kwa kutenganisha pamba, hii huku, hii kule.

Lakini kitu kilichonishika zaidi ni dirisha. Upande wa mbele kuna baraza, na kwenye baraza kuna ndoano ya mizani iliyoning'inizwa kwenye boriti. Mita moja kutoka hapo kuna dirisha dogo la karani, lenye nondo. Mkulima alisimama nje. Pamba yake ilipita mlangoni, yeye akabaki barazani akingoja karatasi. Jengo zima limepangwa hivyo, pamba iwe na njia yake ya kuingia na mtu asiwe na yake. Nilimuuliza cucu kama aliwahi kuingia ndani. Akanitazama kama niliyeuliza kama aliwahi kuingia Ikulu.

Huko jineri mambo yalikuwa makubwa zaidi. Jineri nyingi za zamani Afrika Mashariki zilitumia mashine za roli, na kampuni moja iliyojulikana sana kwa kuzitengeneza ni Platt Brothers wa Oldham, Uingereza. Namna inavyofanya kazi ni rahisi mpaka inachekesha. Kuna roli lililovishwa ngozi. Nyuzi za pamba zinashikamana na ngozi, roli linazivuta kupita kwenye kisu kilichosimama, na kwa kuwa mbegu ni nene haiwezi kupita, inabaki nje inapigwapigwa mpaka inaanguka chini. Basi. Mwamerika Eli Whitney alikuwa na njia nyingine kuanzia miaka ya 1790, ya meno ya msumeno, ambayo ni ya haraka lakini inakatakata nyuzi. Roli ni la polepole na la upole.

Ukijua hilo unaelewa kwa nini jengo la jineri lina umbo lake. Mashine zinapangwa safu ndefu kwenye sakafu ya juu, ndiyo maana jengo ni refu jembamba. Mbegu zinaanguka chini kwa uzito wake zenyewe, hakuna haja ya mtu kuzibeba. Nyuzi zinaenda mwisho wa jengo kwenye mashine ya kugandamiza marobota. Mbegu zinaenda kuwa mafuta ya kupikia, na makapi yake, mashudu, yanalishwa ng'ombe. Na kila kitu kimetengwa na kingine kwa sababu moja: moto. Vumbi la pamba likipata cheche, hata polisi hawafiki.

Hofu hii ya moto ndiyo iliyobadilisha ujenzi wa dunia nzima, na hapa naomba mnivumilie nitoke Mbeere kidogo. Viwanda vya kwanza vya kusokota pamba kwa mashine vilijengwa Uingereza, kile cha Richard Arkwright pale Cromford kikiwa cha mwaka 1771. Sakafu zilikuwa za mbao, zimelowa mafuta ya mashine, na taa zilikuwa za mshumaa na mafuta. Viliungua kama viberiti. Mwaka 1797, mji wa Shrewsbury, kikajengwa kiwanda cha kitani chenye nguzo na boriti za chuma, na ndilo jengo la kwanza duniani la namna hiyo. Kule Belper, kiwanda cha familia ya Strutt kiliungua mwaka 1803, mwaka uliofuata William Strutt akakijenga upya kwa chuma na matao ya matofali. Wanaosomea ujenzi wanasema maghorofa marefu ya leo, yale yanayobebwa na fremu ya chuma, ni wajukuu wa viwanda hivyo. Kwa hivyo ukipita Upper Hill pale Nairobi ukaangalia juu, kumbuka kuna mtu alikuwa anaogopa pamba yake isiungue.

Kitu kingine walichotuletea ni paa la meno ya msumeno. Mmeliona, lile linalopanda na kushuka, upande mmoja bati na upande mwingine kioo. Uingereza kioo kinaangalia kaskazini, kwa sababu huko jua halipiti upande wa kaskazini mchana, kwa hivyo mfumaji anapata mwanga uliotulia bila jua kumchoma macho. Sasa leta paa hilo kwetu. Ukitoka Nkubu kwenda Meru mjini unavuka ikweta, kuna na kibao. Kuanzia Machi mpaka Septemba jua letu la mchana liko kaskazini, halafu linahamia kusini mpaka Machi tena. Kwa hivyo ukigeuza kioo kaskazini unachomwa nusu mwaka, ukigeuza kusini unachomwa nusu ile nyingine. Hakuna upande wa kivuli kwenye ikweta! Nilipoligundua hili nilicheka peke yangu ndani ya matatu, mama aliyekaa kando akasogea.

Na kuna unyevu pia. Uzi wa pamba ukisokotwa kwenye hewa kavu unakatika. Lancashire walikuwa na mvua ya bure kila siku. Sisi tungehitaji mashine za kunyunyizia maji hewani. Nasema haya ili nisionekane kama mtu anayedhani kiwanda cha nguo kinaoteshwa popote kama sukuma.

Lakini hata hivyo, nina malalamiko.

Twende Jinja. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alikuja kufungua bwawa la umeme la Owen Falls, pale Mto Nile unapotoka ziwani. Uganda ilikuwa na pamba tangu mwaka 1903, mbegu zilizoletwa na wamishonari wa CMS. Sasa ikawa na umeme. Na kiwanda cha nguo, Nyanza Textiles, ambacho wengi wanakijua kama Nytil, kikawekwa palepale Jinja, ubia wa shirika la maendeleo la serikali ya Uganda na kampuni ya Calico Printers ya Manchester. Pamba, umeme, kiwanda, mji mmoja. Ulikuwa mpango wa kikoloni, sawa, lakini ulikuwa na mantiki.

Sasa njoo Mbeere. Mwaka 1968 bwawa la Kindaruma likaanza kutoa umeme kwenye Mto Tana. Kamburu 1974. Gitaru 1978. Masinga 1981. Kiambere 1988. Mabwawa matano yaliyopangana kwenye mpaka wetu, moja baada ya lingine, na watu waliohamishwa kupisha maji wengine bado wanasimulia. Mashamba ya pamba yalikuwa yamelala kandokando ya mto huohuo. Na viwanda vya nguo vilikwenda wapi? Thika. Kisumu, ile KICOMI. Nanyuki, ile Mount Kenya Textiles ambayo wazee wanaiita Mountex. Mwaka 1976, Kindaruma ikiwa na miaka 8, Rivatex ikaanzishwa Eldoret, mahali ambapo pamba haimei kabisa, panamea mahindi na wanariadha. Umeme wa Mbeere ukapita juu ya vichwa vya watu wa Mbeere kwenye zile nguzo ndefu ukaenda kusokota pamba ya Mbeere mahali pengine. Kwa cucu umeme uliingia mimi nikiwa darasa la sita.

Nilimwambia haya rafiki yangu mmoja anayesomea uinjinia, akaniuliza swali moja tu: reli iko wapi? Nikanyamaza. Ana haki. Thika ina reli, Nanyuki ina reli, Kisumu na Eldoret zina reli. Njia ya Nanyuki ilipita Sagana na Karatina ikazunguka mlima upande ule mwingine. Embu haikufika, Meru haikufika. Reli ilifuata mashamba ya walowezi, kiwanda kikafuata reli, na kufika uhuru ramani ilikuwa imeshakauka kama saruji. Serikali huru ingeweza kuivunja na kumimina nyingine. Haikufanya hivyo. Hilo ndilo nasema ni chaguo, wala si jiografia.

Watu wengine walipigana juu ya jambo hili, tena si kwa mfano. Buganda mwaka 1949 kulikuwa na ghasia kubwa, watu waliuawa na nyumba za machifu zikachomwa, na mojawapo ya madai yalikuwa wakulima waruhusiwe kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe badala ya kuwaachia wenye jineri, ambao wengi walikuwa Waasia wenye leseni za serikali. Kule Usukuma, Paul Bomani na wenzake walianza na kudai mizani yao wenyewe kwa sababu ile ya wanunuzi ilikuwa inadanganya. Mwaka 1955 wakaunda shirikisho la vyama vya ushirika, Victoria Federation, wakaanza kumiliki jineri. Bomani baadaye akawa waziri wa fedha wa Tanganyika. Kutoka mizani mpaka hazina ya taifa! Walielewa kwamba anayeshika mlango wa jineri ndiye anayeshika bei.

Kwetu Kenya vyama vya ushirika vilipewa jineri baada ya uhuru, juu yao kukawa na bodi ya pamba ya serikali iliyonunua kila kitu. Katikati ya miaka ya 1980 nchi ilifika karibu marobota 70,000 kwa mwaka. Hatujarudi hapo tena. Mwaka 1991 soko likafunguliwa, bodi ikatoka, pembejeo za mkopo zikatoka nayo, na wakati huohuo mitumba ikamiminika. Viwanda vikaanguka kimoja baada ya kingine. Rivatex ilikufa, Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007, na mwaka 2019 ikazinduliwa upya na mashine mpya. Mountex, KICOMI, historia. Thika Cloth Mills angalau bado inaunguruma.

Kila mtu anayeongea juu ya haya kwenye redio anasema mitumba iliua pamba. Mimi sikubaliani, au tuseme nakubaliana robo. Nimevaa mitumba maisha yangu yote, hata shati nililovaa nikiandika hii ni la Gikomba. Mitumba iliua viwanda ambavyo tayari vilikuwa na homa. Na kitu kilichomwua mkulima ni kingine kabisa, ni kucheleweshewa malipo. Bodi haikulipa jineri kwa wakati, au kiwanda hakikulipa bodi, jineri haikulipa chama, chama hakikumlipa cucu. Mkulima ndiye benki ya mwisho kwenye mstari. Yeye ndiye aliyekuwa anakopesha nchi nzima bila riba na bila kuulizwa.

Cucu ana kopo la mafuta ya kupikia ambalo halijaona mafuta tangu sijazaliwa. Ndani kuna kitambulisho cha zamani, picha moja ya babu akiwa na suti ya kuazima, na risiti za pamba. Za msimu wa mwisho ziko sita. Karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Maandishi ya karani yanasomeka vizuri sana, kilo, daraja, tarehe, sahihi. Hakulipwa. Aliambiwa aje Ijumaa. Akaenda Ijumaa nyingi. Mwaka uliofuata hakupanda tena, na jirani hakupanda, na kijiji kizima kikang'oa. Hakuna afisa aliyekuja kuuliza kwa nini.

Siku hizi tunapanda muguka. Wenzangu wa pwani mnajua, maana Mei 2024 magavana wenu wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta waliipiga marufuku na huku watu wakaandamana na kuandamana mpaka mahakama ikasimamisha marufuku hayo. Nilisoma watu wakituita wauza sumu. Sitetei, mimi mwenyewe situmii na ndugu yangu mmoja ameharibika nayo. Lakini muguka unachuma Jumatatu, unalipwa Jumatatu. Mtu ambaye amewahi kungojea Ijumaa za cucu, ukimwambia arudi kwenye zao linalolipwa baada ya miezi mingi, anakuangalia tu. Serikali ilipoleta mbegu mpya za pamba, zile za Bt zinazojikinga na funza, ikazizindua mwaka 2020, nilisikia maafisa wakishangaa kwa nini wakulima wanasitasita. Funza hakuwa tatizo kubwa jamani. Funza angalau alikula pamba tu.

Sasa kwa nini nimeandika haya wiki hii na si nyingine? Kwa sababu stoo inauzwa. Anayeimiliki sasa anataka kuing'oa mabati na boriti, avunje mawe, auze kiwanja kwa plotiploti. Kumekuwa na mkutano chini ya mti, mimi nikaalikwa kama "kijana wa mtandao" nizungumze. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema hilo jengo libaki, litiwe rangi, liwe soko la ndengu chini na maktaba ndogo juu, na ile ndoano ya mizani isiguswe. Nikaeleza habari ya sakafu na lori, ya kofia ya paa, ya dirisha. Vijana wakapiga makofi. Niliona kama nimeshinda.

Cucu akainuka, akashika fimbo yake, akaongea Kimbeere, polepole, si kwa kunitazama mimi. Alisema nyumba iliyomla mtu haipakwi rangi. Alisema kama kuna pesa za rangi basi kuna pesa za risiti, waanze na hizo. Akakaa. Wazee wa kike watatu au wanne wakaitikia kwa sauti ile ya chini ya kooni. Hakuna aliyepiga makofi.

Tulirudi nyumbani bila kusemezana. Nilikuwa nimekasirika, kusema ukweli, kwa sababu nilidhani namtetea. Usiku nikafikiria tena. Mimi naona ujenzi mzuri kwa sababu sikusimama barazani. Nikaona pia kwamba kile nilichoita urithi ni deni, na huwezi kulifanya deni la mtu mwingine kuwa makumbusho bila kumuuliza. Lakini bado naamini likivunjwa, baada ya miaka kumi hakutakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba deni lilikuwepo, kutakuwa na vyumba vya kupanga na salooni. Karatasi sita kwenye kopo haziwezi kushindana na plotiploti.

Asubuhi nikamwomba kitu kimoja. Twende naye, aingie ndani mara moja tu, kabla hawajaamua. Alikataa mara mbili, ya tatu akauliza kama mzee wa kulinda bado ni yule mtoto wa fulani. Nikasema ndiye. Akavaa leso mpya.

Tulipofika alisimama barazani, palepale chini ya ndoano, bila mtu kumwonyesha. Miguu inakumbuka. Mzee akafungua mlango wa A. Nikamshika mkono tukapanda zile ngazi mbili, akapita kizingiti, akasimama katikati ya magunia ya ndengu akiangalia juu kwenye boriti kwa muda mrefu.

"Kumbe ni kubwa hivi," akasema.

Halafu akageuka, akaenda mpaka kwenye dirisha la karani, upande wa ndani sasa, akachungulia nje kupitia nondo kuelekea barazani ambapo mimi nilikuwa nimerudi kuchukua simu. Tukaangaliana. Akaniuliza kwa sauti ya karani, kavu kabisa, kama nimeleta A au B. Mzee wa kulinda akaanza kucheka, mimi nikashindwa kujibu.

Mkutano mwingine ni Jumamosi ijayo. Cucu amesema atakuja na kopo lake, na amewaambia wenzake waje na yao. Nimeahidi kupiga picha kila risiti, moja moja, uso na mgongo, kabla hatujazungumza habari ya paa.